Melanocetus johnsonii au murrayi? Fungua kinywa kwanza

Januari 2025 samaki mweusi mwenye meno marefu alionekana mchana kweupe, karibu kabisa na uso wa maji, pwani ya Tenerife katika Visiwa vya Kanari. Video yake ilizunguka dunia, na karibu kila mahali aliitwa Melanocetus johnsonii. Tangu hapo naulizwa: mnajuaje kuwa ni johnsonii na si ndugu yake, Melanocetus murrayi? Swali hili nalipenda sana, kwa sababu kazi yangu ni hiyo hasa: kuwatambua samaki-wavuvi wa kilindini, wale ambao jike hubeba ufito juu ya pua na chambo kinachowaka kwenye ncha yake.

Kufika hadi kwenye jenasi, yaani jina la kwanza, Melanocetus, ambalo spishi ndugu hulitumia pamoja, si taabu. Hesabu vijiti vya pezi la mgongoni. Jike la Melanocetus ana 12 hadi 17, wakati Oneirodes wengi, jenasi nyingine ya samaki-wavuvi, wana 5 hadi 7 tu. Ukiona samaki wa mviringo, mweusi tititi, ngozi haina miiba ya kuonekana kwa macho, na pezi refu namna hiyo, umeshafika. Ngumu inaanzia hapo.

Johnsonii na murrayi wote wawili wanaishi Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki, kwa hiyo mahali alipovuliwa hapakusaidii kitu. Murrayi kwa kawaida hukaa chini zaidi, lakini wavu ulioshuka mita 2,000 ukapanda ukiwa wazi unaweza kumnasa samaki popote njiani. Rangi ni ileile. Umbo ni lilelile. Watu hukimbilia meno kwa sababu ndiyo yanayotisha, na mimi nasema meno yaacheni mwisho. Urefu wake hutofautiana sana hata ndani ya spishi moja, na uwiano wake na mwili hubadilika samaki anavyokua.

Mahali pa kuangalia ni pawili. Kwanza chambo: cha johnsonii ni kinene, kimejaa, na mara nyingi kina ukingo uliobanwa upande wa nyuma, pengine na wa mbele pia; cha murrayi ni kidogo zaidi kikilinganishwa na mwili. Kwa hiyo unapima upana wa chambo, unapima urefu wa samaki, halafu unagawanya. Shida ni kwamba samaki waliopitia wavu wa kukokota mara nyingi chambo kimechubuka au kimenyauka, au ufito wote umekatika. Ndiyo maana mimi sehemu ya pili naiamini zaidi. Iko ndani ya kinywa, mbele kabisa ya kaakaa, ambako kuna mfupa uitwao vomeri. Weka samaki chini ya hadubini, panua taya polepole kwa koleo ndogo (mifupa ya hawa samaki ni myepesi na huvunjika upesi), sogeza utando kando, kisha tazama ukingo wa mbele wa mfupa huo. Kwa johnsonii ukingo umenyooka karibu kama rula. Kwa murrayi umebonyea kwenda ndani, tena sana. Ukishauona mara moja huwezi kuusahau, na hata samaki aliyechunika ngozi nzima bado anao.

Sasa rudi kwenye ile video. Vomeri haionekani. Jina la johnsonii lina uzito kwa sababu ya chambo na umbo lililoonekana wazi kwenye picha nzuri, na kwa sababu samaki huyo alipokufa alipelekwa kwenye makumbusho ya Santa Cruz de Tenerife, ambako kinywa kinaweza kufunguliwa. Picha peke yake, hasa za mbali au zenye giza, ningeziandikia Melanocetus tu na kuishia hapo. Kuacha jina la spishi wazi ni kazi halali kabisa, na ninatamani wengi zaidi wangeifanya.

Majina ya haraka yana gharama. Albert Günther wa makumbusho ya Uingereza alimwandika johnsonii mwaka 1864, kutokana na samaki mmoja aliyepatikana Madeira akiwa amemeza samaki mkubwa. Murrayi akaja 1887, kutoka safari ya meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger. Kisha meli ya Kijerumani Valdivia, iliyofika hadi Dar es Salaam mwaka 1899, ikarudi na samaki wa Bahari ya Hindi, na mtaalamu wa wanyama August Brauer akampa mmoja wao jina Melanocetus krechi. Mwaka 1903 Afrika Kusini ikatoa Melanocetus rotundatus. Hao wawili wa mwisho, krechi na rotundatus, vilipolinganishwa vielelezo vingi kwa pamoja mwaka 1980, wakaonekana ni johnsonii yuleyule. Kila mwandishi alikuwa na samaki mmoja au wawili mezani, na tofauti ya umri ikasomeka kama tofauti ya spishi.

Madume yalileta mkanganyiko mkubwa zaidi. Dume la Melanocetus halifiki sentimita 3, halina ufito wala chambo. Brauer huyohuyo aliwapa madume wa aina hii jenasi yao wenyewe, Aceratias, na ilichukua hadi 1930 kwa mtaalamu wa samaki Albert Eide Parr kuonyesha kwamba ni madume wa samaki-wavuvi waliokwisha kujulikana. Kwa madume, chambo na vomeri za jike hazikufai. Tunaangalia vijino vilivyo kwenye ncha ya pua na kidevu, rangi ya ngozi, na siku hizi DNA.

Kwa sababu hiyo, wenzangu mnaofanya kazi kwenye meli za utafiti, nawaomba mambo machache. Kateni kipande kidogo cha nyama upande wa kulia, mkitie kwenye alkoholi kabla samaki hajaingia formalini (dawa ya kuhifadhia vielelezo), maana formalini huiharibu DNA. Mpigeni picha akiwa bado mbichi, na chambo kipigwe peke yake, kwa karibu, kutoka mbele, kando na nyuma. Na ufito ukikatika wavuni, utafuteni, muufungie kwenye chupa ileile pamoja na samaki mwenyewe.