Kumtafuta Anne Hutchinson na Ukoo Wake Katika Karatasi za Waliomhukumu

Mwanamke wa kawaida aliyezaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 16 haonekani sana katika maandishi: siku aliyobatizwa, siku aliyoolewa, siku walizobatizwa wanawe, siku aliyozikwa. Anne Hutchinson, mmoja wa walowezi wa mwanzo wa Massachusetts Bay, koloni la Kiingereza huko Amerika, angeishia hapo hapo. Tena mstari wa maziko asingeupata, maana aliuawa mbali na parokia yoyote ya Kiingereza. Leo tunayajua maneno yake kwa sababu moja kubwa, kwamba alishitakiwa.

Kwetu tunaoshughulika na nyaraka za kale hilo si jambo geni. Mtu akiishi kwa amani na jirani zake, karatasi humpita. Akikosana na wakubwa, karani huketi na kuandika.

Tuanzie Alford, mji mdogo wa Lincolnshire. Rejista ya parokia inaonyesha kuwa Anne Marbury alibatizwa tarehe 20 Julai 1591. Mama yake aliitwa Bridget Dryden. Baba, Francis Marbury, alikuwa mchungaji na mwalimu wa shule, na mtu mwenye ulimi. Mwaka 1578 alihojiwa London mbele ya Askofu John Aylmer kwa kuwalaumu maaskofu kuwa wanaweka wakfu wachungaji wasio na elimu, akatupwa gereza la Marshalsea. Baadaye aliyaandika mahojiano yale kwa kukumbuka, neno kwa neno kama mazungumzo, na haishangazi kwamba ndani yake askofu ndiye anayeshikwa na hasira. Bintiye alikulia katika nyumba yenye kisa hicho. Kila ninaposoma alivyojibu mahakamani, miaka 59 baadaye, namsikia mzee.

Tarehe 9 Agosti 1612 Anne aliolewa London, katika kanisa la St Mary Woolnoth, na William Hutchinson, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Alford hiyo hiyo. Wakarudi kwao. Na hapo ndipo watafuta nasaba wengi huteleza. Anne alizaa watoto 15, kati yao 14 Alford, na rejista ina akina Susanna wawili na akina William wawili. Karani hakukosea. Susanna wa kwanza alifariki mwaka 1630 akiwa na miaka 16, mdogo wake Elizabeth akamfuata muda mfupi baadaye, na mwaka 1633 binti mwingine akabatizwa kwa jina la marehemu. Ilikuwa desturi ya kawaida. Asiyesoma kurasa za maziko sambamba na za ubatizo atampandisha melini mtoto ambaye yumo kaburini. Nasaba za mtandaoni zimejaa marehemu wa aina hiyo wenye wajukuu.

Wapuritani walikuwa Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe mabaki ya Ukatoliki, na katika miaka ya 1630 maelfu yao walihamia Amerika. Mhubiri aliyempendeza Anne alikuwa John Cotton, wa kanisa la St Botolph katika Boston ya Lincolnshire. Cotton alikimbia mwaka 1633 kwa meli iitwayo Griffin, na Edward, mwana mkubwa wa Anne, alikuwa ndani yake. Septemba 1634 meli hiyo hiyo iliwashusha Boston ya Amerika Anne, mumewe na watoto 10.

Tazama sasa jinsi tarehe mbili zinavyoweza kusema jambo. William alipokelewa kanisani Boston tarehe 26 Oktoba 1634, Anne tarehe 2 Novemba. Kwa nini mke acheleweshwe wiki nzima? Kwa sababu safarini mchungaji Zechariah Symmes alimsikia akizungumzia dini kwa namna iliyomtia wasiwasi, na walipotua alilisema. Ugomvi ulioitikisa koloni miaka mitatu baadaye umeanzia katika nafasi hiyo ya siku saba.

Kiwanja chao kilikuwa mkabala na nyumba ya John Winthrop, mmoja wa viongozi wa koloni. Anne alikuwa mkunga, akiingia nyumba ambazo mchungaji haitwi. Wanawake wakaanza kukusanyika kwake kuzungumzia mahubiri ya Jumapili, wakaja na wanaume, hadi ikasemwa kuwa wanafika 60 au 80. Anne alidokeza kuwa wachungaji wa koloni, isipokuwa Cotton na John Wheelwright, shemeji ya Anne, wanahubiri agano la matendo badala ya agano la neema. Kwa maneno mengine, wanawafundisha watu kuutafuta wokovu kwa mwenendo mwema. Kwa Mpuritani hilo lilikuwa tusi zito.

Novemba 1637 aliitwa mbele ya Mahakama Kuu, baraza lililotunga sheria za koloni na kusikiliza kesi, huko Newtown, mji unaoitwa Cambridge siku hizi. Winthrop, ambaye wakati huo ndiye gavana, aliongoza kikao, akauliza maswali na akatoa hukumu. Anne alisema hasikii shitaka lolote, akamtaka gavana ataje hata moja. Walipofika kwenye mikutano ya nyumbani, Winthrop alijibu: "Hatukusudii kujadiliana na watu wa jinsia yako." Siku ya kwanza Anne aliwashinda kwa hoja, na sioni namna nyingine ya kuisoma. Siku ya pili alieleza mwenyewe kwamba Mungu amemfunulia mambo moja kwa moja, na hapo wakapata walichokitafuta. Akahukumiwa kufukuzwa. Alipoomba kujua sababu, gavana alimwambia: "Usiseme zaidi, mahakama inajua kwa nini, nayo imeridhika." Machi iliyofuata kanisa nalo likamtenga.

Kesi hiyo iliacha hazina nyingine kwa mtafuta nasaba. Mahakama iliamuru wanaume 58 wa Boston waliomuunga mkono wasalimishe bunduki, panga na baruti, na iliwataja kwa majina. Orodha iliyoandikwa kuwaaibisha imekuwa mlango wa kuingilia koo kadhaa za Boston. Wafuasi wake wanawake hawamo, kwa kuwa hawakuwa na silaha za kunyang'anywa.

Baadhi ya wanaume hao walihamia kisiwa cha Aquidneck, Rhode Island, chini ya mkataba uliotiwa saini na wanaume 23. Karatasi hiyo ina mitego miwili. Tarehe yake ni siku ya 7 ya mwezi wa kwanza, 1638. Ukisoma haraka utaandika Januari, lakini Wapuritani walihesabu miezi kuanzia Machi, na mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi hadi karne ya 18. Mtego wa pili ni Edward Hutchinson Mkubwa na Edward Hutchinson Mdogo. Anayewaandika kuwa baba na mwana amekosea: mdogo ni mwana wa Anne, mkubwa ni ndugu wa William, yaani baba yake mdogo. Thomas Savage, aliyemwoa Faith binti wa Anne, naye yumo. Jina la Anne mwenyewe halimo.

William alipofariki, mjane alihamia na watoto wadogo katika koloni la Waholanzi, eneo ambalo leo ni Bronx, New York. Februari 1643 askari wa gavana Willem Kieft waliwaua Walenape wengi, wenyeji wa nchi hiyo, huko Pavonia, vita vikawaka. Agosti mwaka huo Wasiwanoy, nao kabila la wenyeji, waliivamia nyumba ya Anne, wakamuua pamoja na wanawe sita na watu wengine wa nyumba. Wachungaji wa Massachusetts walisema ni mkono wa Mungu. Habari za tukio zilifikishwa na Wazungu pekee, kwa hiyo zinavyowachora Wasiwanoy zipokelewe kwa tahadhari. Susanna wa pili alichukuliwa mateka, akarudishwa baada ya miaka kadhaa, na mwaka 1651 akaolewa Boston na John Cole.

Edward alirudi Boston. Mwaka 1658 koloni lilipopitisha sheria ya kuwanyonga Wakwekeri, kundi la Wakristo lililopigwa marufuku, waliorudi baada ya kufukuzwa, yeye na Thomas Clark, mjumbe mwenzake wa Mahakama Kuu, walitaka upinzani wao uandikwe. Alifariki kwa majeraha ya vita mwaka 1675. Kwake alizaliwa Elisha, kwa Elisha akazaliwa Thomas, na kwa Thomas akazaliwa Thomas mwingine, kilembwe wa Anne, ambaye alikuja kuwa gavana wa Massachusetts, ofisi ile ile iliyomfukuza bibi yake.

Thomas huyu alikuwa mkusanyaji wa nyaraka. Agosti 1765 umati uliochukizwa na kodi ya stempu, ambayo Uingereza iliyatoza makoloni kwa karatasi na nyaraka, uliibomoa nyumba yake Boston na kumwaga karatasi zake barabarani, ukiwemo mswada wa historia ya koloni aliyokuwa akiiandika. Nyingi ziliokotwa matopeni. Juzuu ya pili ikatoka mwaka 1767, na katika nyongeza yake aliuchapisha mwenendo wa kesi ya Novemba 1637, swali kwa jibu. Maneno ya Anne na ya Winthrop niliyoyanukuu yametoka humo.