Umeme wa kichwani na mikono ya wazee wetu

Mama yangu yuko Tandahimba, ana miaka 68. Amebangua korosho tangu ujana, lakini siku hizi vidole ni vizito na punje zinamvunjikia. Kuna umeme wa kichwani unaorudisha wepesi?

Utafiti upo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionesha kwamba sumaku ya umeme ikiwekwa juu ya kichwa na kuwashwa kwa mpigo mfupi huamsha sehemu ya ubongo inayoendesha misuli: mkono unashtuka bila mwenyewe kukusudia, na wala hauumi. Mwaka 2000 Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipitisha kichwani umeme dhaifu wa miliampia 1 tu, bila sumaku. Ulipozimwa, sehemu hiyo ilibaki nyepesi kuamka kwa dakika kadhaa.

Kwa wazee, uwezo wa ubongo kujipanga upya hupungua, lakini hautoweki. Wakipewa umeme huo huku wanafanyia vidole mazoezi, baadhi hujifunza vizuri zaidi. Wengine hawapati tofauti yoyote. Kwa hiyo bado ni kazi ya maabara, na bila mazoezi umeme huo hauna cha kukuza.

Nimnunulie kifaa mtandaoni?

Hapana, nakusihi. Vibandiko vya umeme vikikaa vibaya huunguza ngozi ya kichwa, na sumaku, mara chache, huleta degedege. Mwenye kifafa, betri ya moyo au chuma kichwani yuko hatarini zaidi.

Sasa afanye nini?

Ajifunze kitu kipya cha mikono. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu wa miaka kama 60 waliofundishwa kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu. Kwa waliofaulu, baadhi ya sehemu za ubongo zilipanuka. Walipoacha, zikarudi zilivyokuwa. Kubangua anakujua tayari. Mpe ukili wa mtindo asioujua, aanze polepole, kidole gumba kikibana miyaa huku cha shahada kikipitisha, kila siku kidogo. Miguu pia isisahauliwe: Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, angalau siku tatu kwa wiki.

Lakini kwanza apimwe. Uzito wa vidole unaweza kutokana na kisukari, viungo au mishipa ya fahamu. Na mkono mmoja ukilegea ghafla, au mdomo ukienda upande, hicho huenda ni kiharusi: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kupambazuke.