Je, wajua kwa nini ukili ukipinduliwa mara moja unabaki na upande mmoja?

Barazani Ngamiani jijini Tanga, au kusini huko Pangani, huenda ukamkuta mama anasuka ukili: ukanda mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Mwombe kipande cha dhiraa mbili, upana wa vidole vinne. Kinatosha kujenga mojawapo ya maumbo ya ajabu kabisa katika hisabati.

Kwanza shona ncha mbili zikutane kama zilivyo. Unapata pete ya kawaida, yenye upande wa nje, upande wa ndani na kingo mbili. Sisimizi anayetembea nje ya pete hiyo hawezi kufika ndani bila kuvuka ukingo. Sasa fumua mshono, pindua ncha moja nusu mzunguko ili chini yake iwe juu, kisha ushone tena. Huo ndio ukanda wa Möbius. Una upande mmoja na ukingo mmoja.

Maelezo mengi huishia hapo, na msomaji anabaki akiamini kwamba ule mpinduo umefuta upande wa pili. Haujafuta kitu. Bana ukili huo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, popote upendapo: gumba liko huku, shahada iko kule, na ukindu uko katikati. Kata kipande cha ukubwa wa kucha, utakikuta kina juu na chini kama kipande cha mkeka wowote. Ukichunguza mahali pamoja, hata kwa kioo cha kukuzia, hutaona dalili yoyote ya ajabu. Upande mmoja ni sifa ya umbo zima, na hujitokeza kwa safari tu. Sisimizi akianza pale kilipo kidole gumba na kufuata katikati ya ukili, akimaliza mzunguko mmoja atajikuta pale ilipo shahada, chini kabisa ya mahali alipoanzia, naye hajavuka ukingo. Akiendelea mzunguko wa pili, anarudi alikotoka. Zile pande mbili za ukili zipo zote. Mshono umeziunganisha zikawa njia moja yenye urefu maradufu.

Rangi huonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Anza kupaka nyekundu juu, ukikusudia kuiacha chini kwa ajili ya bluu. Kwa hatua moja moja hutaona kosa lolote, lakini ukifika kwenye mshono, nyekundu yako inapita chini na kuichukua nafasi ya bluu. Neno “juu” lina maana mahali popote utakaposimama, ila haliwezi kubaki na maana hiyo ukizunguka ukanda wote.

Kuna na dhana nyingine iliyoenea, kwamba kila ukanda uliosokotwa una upande mmoja. La. Ukipindua ncha mara mbili, yaani mzunguko kamili, chini inarudi kuwa chini, na pande zote mbili zinarejea. Mara tatu, upande mmoja tena. Mara nne, pande mbili. Witiri hutoa upande mmoja, shufwa hutoa pande mbili, hata msokoto ukiwa mkali kiasi gani. Wahandisi huishi na tofauti hii. Mwaka 1957 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilipata hataza ya mkanda wa kubebea mizigo wenye mpinduo mmoja, ili uso wote uchakae kwa usawa. Mikanda mirefu ya migodini nayo mara nyingi hupinduliwa, lakini mara mbili: mara moja baada ya kumwaga mzigo, ili uso mchafu usiguse roli za chini, na mara nyingine kabla ya kupakia upya. Mipinduo miwili ni shufwa, kwa hiyo mkanda huo una pande mbili kama kawaida, ingawa kwa macho unaonekana umejisokota.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni la kushoto na kulia. Chukua karatasi nyembamba inayopenyeza wino, ifanye ukanda wa Möbius, kisha chora unyayo wa kushoto. Uchore tena na tena mbele kidogo, vilevile, ukiufuata ukanda. Baada ya mzunguko mmoja utakuwa juu ya unyayo wa kwanza, na wino ukipenya utaona kwamba wa kushoto umekuwa wa kulia. Kiumbe bapa anayeishi ndani ya uso huo, asiyejua unene, hawezi kuuona “upande”, lakini angegundua kwamba safari moja humgeuza kama kioo kinavyogeuza sura.

Wajerumani wawili, Johann Benedict Listing na August Ferdinand Möbius, walilifikia umbo hili mwaka 1858, kila mmoja kivyake. Listing alilichapisha kwanza, mwaka 1861, ila jina limebaki la mwenzake. Lipo pia pambo la vijiwe la Warumi kutoka Sentinum, Italia, la mwaka 200 hivi, lenye ukanda unaoonekana kuwa na mpinduo huo huo. Fundi wake hakuacha maelezo, kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba alijua alichokichora.

Mwanahisabati Felix Klein alieleza mwaka 1882 umbo lisilo na ukingo hata mmoja, liitwalo chupa ya Klein, ambalo ni kama kanda mbili za Möbius zilizounganishwa kingo zao. Chupa za Klein za kioo zinapendeza, lakini si chupa ya Klein kamili: shingo hulazimika kutoboa ubavu wake yenyewe, kwa sababu umbo hilo linahitaji vipimo vinne vya nafasi, yaani kimoja zaidi ya urefu, upana na kimo, ili lijipite bila kujigusa.

Karatasi pia ina mpaka wake. Mwaka 2023 Richard Schwartz wa Chuo Kikuu cha Brown alithibitisha kwamba ukanda laini wa Möbius wa karatasi lazima urefu wake uzidi upana kwa zaidi ya mara 1.73, yaani kipeuo cha pili cha 3. Ukili, kwa kuwa ni msuko unaoweza kuteleza na kuvutika kidogo, hauko chini ya sheria hiyo moja kwa moja. Karatasi iko chini yake. Kata ya upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 18, jaribu kuiunganisha, na utaiona ikijibana kuelekea pembetatu ya pande sawa, ambalo ndilo umbo la mpaka wenyewe.