Kuridhika si kuvumilia

Kuridhika ni kuona kwamba ulichonacho, au ulichokichagua, kinakutosha, na moyo ukatulia. Maana yake ni hiyo tu. Ninachotaka kukisema hasa ni kingine. Hapa Dodoma, wiki ya pili bila maji, mwenye nyumba wetu alisimama uani akatuambia wapangaji: "Jamani, ridhikeni, wenzenu hawana hata pa kulala." Nilikuwa nimeshika ndoo tupu, na neno lile likanikaa moyoni kuliko kiu.

Mzizi wa neno hili umetoka Kiarabu, na ndugu zake kwa Kiswahili ni wengi: radhi, ridhaa, ridhia, maridhiano. Ndani ya yote yumo mtu anayekubali kwa hiari yake. Kabla ya kupasuliwa hospitali unatia saini fomu ya ridhaa. Radhi za wazazi huombwa, hazinyang'anywi. Na sisi tunaoishi na Bunge hapa mjini tunalisikia kila mara: Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi inayohitaji kuridhiwa. Kujadili kumetajwa kwanza. Panapokosekana nafasi ya kukataa, ridhaa haipo, hata watu wote wakinyamaza.

Sasa ridhika, kwa ile -ka ya mwishoni, ni hali inayobaki moyoni baada ya kukubali. Kukubali kunatangulia, utulivu unafuata. Ndiyo maana hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake aridhike.

Mama yangu mdogo yuko Mvumi. Mvua za huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nazo hukatika zinapotaka. Wengi wanang'ang'ania mahindi kwa kuwa ugali mweupe ndio wa heshima mbele ya mgeni. Yeye hupanda uwele, na mahindi mistari michache ya kuchoma. Jioni anasonga ugali wa uwele, anapika mlenda alioukausha mwenyewe juani, anakula taratibu na simu kaiacha ndani. Wapo wanaosema amekata tamaa ya maisha. Mahindi anayajua, yamewahi kumkaukia shambani, na hela ya kununua sembe anayo. Amepima, akachagua, na usiku analala usingizi wake wote. Tena pampu ya kijiji ikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kufika kwa mtendaji, na haondoki mpaka apewe siku ya fundi kuja.

Kwa hiyo, mzee wangu mwenye nyumba, kwa heshima zote, neno ulilokuwa unalitafuta siku ile ni "vumilieni". Nalo tungelipokea vizuri tu, ila anayeomba kuvumiliwa huwa anasema na mpaka lini.