Distro ni nini, na kwa nini watu hugombana juu yake

Kaa nusu saa na wapenzi wa kompyuta, neno distro halitakukosa. Mmoja atasema anatumia Debian, wa pili Fedora, wa tatu atawacheka wote wawili na kusema yeye yuko Arch, na hapo mazungumzo ya maana yamekwisha. Anayesikiliza kando hudhani hiyo ni mifumo inayoshindana kama Windows na Mac. Sivyo. Wote watatu wana kitu kimoja chini kinachoitwa Linux. Wanachobishania ni kilichopangwa juu yake, na zaidi ya hapo, ni nani aliyekipanga.

Linux yenyewe ni kerneli, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayoongea na mashine. Inagawa kumbukumbu, inaamua programu ipi ipate prosesa na kwa muda gani, inaendesha diski, kibodi na kadi ya mtandao. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, ila akiigawa kwa wengine hana ruhusa ya kuwaficha msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo. Kerneli peke yake haikufai kitu. Hata amri ya kuorodhesha mafaili haimo. Amri za namna hiyo zilikuwa zikiandikwa tayari na mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza Marekani mwaka 1983. Chukua amri hizo, tia kerneli, tia madirisha ya kwenye skrini, kivinjari, programu ya kuandikia barua, njia ya kusakinisha na njia ya kuleta masasisho, kisha vipe vyote jina na nembo. Hiyo ndiyo distro.

Msafiri wa Tanga kwenda Dar hahitaji somo hili. Mabasi mawili yanaondoka stendi ya Kange, chasisi ni ya kiwanda kimoja na injini ni ile ile, lakini bodi zimeungwa na mafundi mbalimbali: hili viti viwili kwa viwili, lile vitatu kwa viwili na magoti yako yanagusa kiti cha mbele. Abiria wanagombea basi, hakuna anayeuliza chasisi.

Distro za mwanzo zilizo hai mpaka leo ni za mwaka 1993: Slackware ya Patrick Volkerding, na Debian ya Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Debian ikazaa sana. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaichukua kuwa msingi wa Ubuntu, na miaka miwili baadaye Ubuntu nayo ikawa msingi wa Linux Mint. Ukoo mwingine ni wa kampuni ya Red Hat, ambamo Fedora imo. Arch imesimama peke yake tangu 2002. Ukijua ukoo umejua mengi, kwa sababu ndugu wa ukoo mmoja husakinisha programu kwa njia inayofanana: Debian, Ubuntu na Mint hutumia apt, Fedora hutumia dnf, Arch hutumia pacman. Kila distro ina ghala lake kwenye intaneti lililojaa vifurushi vya programu vilivyokwisha kuandaliwa. Unaandika amri moja, kifurushi kinashuka pamoja na kila kinachohitajika ili kifanye kazi. Hakuna kupita kwenye tovuti za ajabu ukitafuta faili la kusakinisha na kuondoka na virusi.

Basi tofauti ya distro na distro ni maamuzi. Kuna mtu, au kundi la watu, au kampuni, imekaa ikaamua kwa niaba yako toleo lipi la kivinjari upate, masasisho yaje lini, mashine ikiwaka uone nini. Wengi hawalioni hili mpaka limguse mtu mfukoni.

Kwa mfano masasisho. Debian hutoa toleo imara takriban kila baada ya miaka miwili, na katikati hapo hubadilisha kidogo sana, hasa kuziba mianya ya usalama. Ubuntu ina matoleo ya muda mrefu yanayotoka Aprili kila miaka miwili na kutunzwa miaka mitano. Namba yake ni mwaka na mwezi, kwa hiyo 24.04 ni Aprili 2024. Arch haina toleo. Ni mto, unatiririka kila siku, na ukikaa mwezi bila kusasisha unaweza kukuta gigabaiti nzima na zaidi inakusubiri. Vijana wa mtandaoni husifu sana mtiririko huu, na wengi wao wako nchi ambazo mtu halipi intaneti kwa gigabaiti. Huku Tanga, Makorora na Mabawa, watu wananunua bando. Distro inayokula bando la wiki ili kukuletea toleo jipya la programu usiyoitumia ni anasa, na mimi simshauri mtu.

Kwenye jambo hili ukoo wa Debian una hila ndogo ambayo kila fundi wa mikoani angepaswa kuijua. Ukisakinisha kwa amri ya apt-get, vile vifurushi vilivyoshuka hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, kila kimoja faili la .deb. Unavinakili kwenye flashi, unavipeleka kwenye folda kama hiyo ya kompyuta nyingine yenye toleo lile lile, unatoa amri ile ile. Mashine inaangalia, inakuta kifurushi kipo, haipakui tena. Ofisi yenye kompyuta kumi inasasishwa kwa bando la kompyuta moja. Ila ukitumia amri fupi ya apt badala ya apt-get, ukimaliza inafuta mafaili hayo bila kukuuliza, na hapo utatafuta mchawi bure.

Uamuzi mwingine uliowagusa watu wetu ni wa fimweya. Kadi nyingi za Waifai haziendi mpaka zipewe faili dogo la mtengenezaji, na faili hilo mara nyingi msimbo wake umefungwa. Debian ina msimamo wa programu huria, kwa hiyo kwa miaka mingi kisakinishi chake rasmi hakikubeba mafaili hayo. Sasa fikiria laptopu ya mtumba kwenye duka la stationari pale Ngamiani, barabara zile za namba. Imefunguliwa, Debian imeingia vizuri, skrini inang'aa, Waifai haipo. Ili ipatikane Waifai unatakiwa upakue fimweya, na ili upakue unahitaji Waifai. Watu walikuwa wakiunganisha simu kwa waya wa USB ili kompyuta ipate intaneti kupitia simu, au wakikata tamaa na kurudi Ubuntu. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na tangu Debian 12 iliyotoka Juni 2023, kisakinishi rasmi kimebeba fimweya hizo. Kerneli ilikuwa na uwezo wa kuendesha kadi ile siku zote; kilichobadilika ni uamuzi wa watu.

Mint nayo iligombana na mama yake. Ubuntu ilipoamua kwamba anayeomba kivinjari cha Chromium kwa apt apewe kwa Snap, mfumo wake mwingine wa kusakinisha programu, Mint wakakataa, na toleo lao la 20 la mwaka 2020 likafunga mlango huo. Mwenye hamu ya Snap aufungue mwenyewe. Nawaunga mkono Mint, maana mtu akiomba kitu kwa njia moja si haki kumletea kwa njia nyingine kimyakimya.

Kubwa kuliko hayo ni la CentOS. Hii ilikuwa distro ya bure iliyofuata ile ya kulipiwa ya Red Hat hatua kwa hatua, na seva nyingi duniani ziliikalia kwa sababu toleo la 8 liliahidiwa kutunzwa mpaka 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8 itakoma mwisho wa 2021. Kelele zilikuwa nyingi, kisha kwa kuwa msimbo ni huria, ndani ya 2021 zikatoka mbadala mbili, Rocky Linux na AlmaLinux. Mwenye seva alihama, hakupotea. Ila likizo yake ilikwenda na maji.

Kuhusu mbwembwe za kijana na distro yake, sina mengi. Arch ina utani wake kwamba mtumiaji wake hatulii mpaka akuambie kuwa anatumia Arch, na ni kweli. Wa Kali nawaonea huruma. Kali ni ya ukoo wa Debian, imeandaliwa kwa watu ambao kazi yao ni kupima usalama wa mifumo, na walioitengeneza wenyewe wanasema haimfai anayejifunza Linux. Lakini ina nembo ya joka na mandhari meusi, basi kila chuo utamkuta mmoja ameiweka, hajui kuunganisha printa, anajiita haka.

Swali limekuwa la kweli zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na laptopu nyingi za mtumba hazimo kwenye orodha. Mwalimu anafika dukani na mashine yake, ina RAM ya gigabaiti 4, nzima kabisa.

"Kijana, hii wameniambia imekufa."

"Haijafa, mwalimu. Shikamoo kwanza. Kilichokufa ni apdeti."

Mtu kama huyu usimpe mhadhara wa koo za distro. Cha kumuuliza ni nani atakayemsaidia siku ikigoma. Kama fundi wake anatumia Mint, naye atumie Mint. Kama mpwa wake ana Ubuntu, Ubuntu. Uzuri wa distro kwa mtumiaji wa kawaida ni mtu wa karibu anayeijua, na sifa nyingine zote zinafuata nyuma kwa mbali. Kwa RAM ile atafutiwe toleo lenye Xfce, ambayo ni madirisha mepesi, maana GNOME, ambayo ni madirisha mazito zaidi, itamsumbua akifungua kivinjari na vichupo vitano. Ajaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: aone sauti, kamera, Waifai, printa. Na alete mtihani wake wa Word, autazame. Hapo ndipo lawama nyingi huanzia. Mtihani ulioandikwa kwa fonti ya Calibri ukifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, isiyo na fonti hiyo, mistari inasogea, swali la nane linaangukia ukurasa wa pili na majibu ya kuchagua yanaachana na swali lake. Dawa ni fonti ya Carlito, iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana ule ule wa Calibri. Kwenye ukoo wa Debian kifurushi chake ni fonts-crosextra-carlito. Dakika mbili, mtihani unarudi ulivyokuwa.

Kila baada ya muda hutokea mtu akasema na sisi tutengeneze distro yetu, ya Kiswahili, ikibidi iitwe jina la mji. Kutengeneza si kazi. Unaweza kuchukua Debian, ukabadilisha picha ya nyuma, ukaipa jina jioni moja. Kazi ni asubuhi yake, na miaka mitano ya asubuhi baada ya hapo, mianya ya usalama ikitangazwa na watumiaji wako wakingoja masasisho kutoka kwako. Afadhali nguvu hiyo iende kwenye tafsiri. Imeshafanyika: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndani yake, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo ikipokelewa kwenye mradi mkuu hufika kwenye distro zote kwa mpigo, na haihitaji seva yako wala usingizi wako.

Na Android? Watu huuliza, kwa kuwa kerneli yake ni Linux. Wabishi hawakubaliani. Mimi nasema si distro kwa maana wanayoitumia watu hawa, kwa sababu juu ya kerneli hakuna zile amri za GNU, hakuna apt wala ndugu zake, na programu zake haziendi kwenye Debian bila kusaidiwa. ChromeOS, ile ya Chromebook, ina haki zaidi ya kuitwa hivyo. Imejengwa kwa kutumia Gentoo, ambayo ni distro ya wazi kabisa, ingawa mwenye Chromebook anaweza kumaliza maisha yake bila kulisikia jina hilo.