Ukilipia oda mapema, hujanunua kilichopo stoo
Hapa Mwanjelwa, Mbeya, mtu aliyelipia mapema kadi ya grafiki (kifaa cha kompyuta kinachochora picha za kwenye skrini, hasa za gemu) akifikisha mwezi wa tatu bila kuiona, maneno ni yale yale: mzigo umekwama bandarini Dar, au muuzaji kauficha apandishe bei. Matapeli wapo, sikatai. Lakini mara nyingi kadi yenyewe haijatengenezwa bado. Ulicholipia ni nafasi kwenye foleni.

Mfano ni kadi ya RTX 3080 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka Septemba 2020 kwa dola 699. Iliisha siku hiyo hiyo, na hata Marekani kwenyewe watu walingoja miezi. Chipu yake ilitengenezwa na Samsung ya Korea Kusini. Kisahani cha silikoni, kinachokatwa kupata chipu, hupita mamia ya hatua, kazi ya miezi kadhaa, kabla chipu haijafungwa kwenye bodi na kuwekewa feni. Na kiwanda cha chipu hakiongezwi kwa wiki moja kama kibanda cha chipsi! Hapo hujawahesabu wachimbaji wa Ethereum, yaani watu waliotumia kadi hizo kujipatia sarafu hiyo ya kidijitali, waliozizoa kwa makasha. Safari siyo inayochelewesha: Dar hadi Mbeya ni usiku mmoja tu wa basi.

Kwa hiyo swali la "mzigo umefika wapi?" halikusaidii. Muulize muuzaji ameagiza kwa nani, wewe ni wa ngapi, na bei ikipanda hela yako inarudi? Majibu ayaandike kwenye risiti.