Je, wajua kwa nini RAV4 ikiinuliwa huanza kula tairi?

Chuchumaa mbele ya RAV4 iliyofungwa spesa, yaani kipande cha kuinulia bodi, miezi michache iliyopita bila kufanyiwa kitu kingine, uangalie tairi la mbele. Mara nyingi ukingo wa nje umeshakuwa kipara huku meno ya katikati yakiwa mazima. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruzwa kama kimepita juu ya msumeno. Tairi halina kosa. Kilichobadilika ni pembe za chini ya gari.

Tuchukue RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2005, ile ambayo wauzaji wa Dar huiita Miss Tanzania. Mbele, gurudumu limeshikwa juu na shokapu iliyobeba springi, na chini na mkono wenye boljointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoushika gurudumuni. Kwenye kimo cha kiwandani mkono huo unakaribia kulala. Ukiinua bodi kwa milimita 30, mkono unainama, na kwa kuwa ni chuma haurefuki. Nyoosha mkono wako pembeni, kisha uushushe: kidole kinasogea karibu na mwili. Ndivyo boljointi inavyovuta sehemu ya chini ya gurudumu kuingia ndani, wakati juu shokapu imeshikwa palepale. Gurudumu linalalia nje kwa juu. Hiyo ndiyo kemba, na ndiyo inayonyoa ukingo wa nje.

Msumeno unatokana na kitu kingine. Tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, nayo imeinama, ila urefu wake si sawa na wa mkono wala haikushikwa mahali pamoja nao, kwa hiyo haviinami kwa hatua moja. Tairi zinaanza kutazamana au kupeana mgongo. Mafundi wa alaimenti, wanaopanga pembe za magurudumu, huita tou. Kemba hula taratibu, lakini tou ikiwa mbaya tairi jipya linaweza kwisha kwa safari chache ndefu, maana kila mzunguko tairi linaburuzwa kidogo kwa ubavu.

Tatizo la tatu liko kwenye shafti inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye gurudumu. Giaboksi inapanda na bodi, kitovu cha gurudumu kinabaki chini, na shafti inalala kwa mteremko mkali zaidi. Kama umbali kati ya jointi ya ndani (upande wa giaboksi) na ya nje (upande wa gurudumu) ni sentimita 40, kuinua milimita 30 kunaongeza nyuzi 4 na kidogo. Milimita 50 zinaongeza 7. Jointi ya nje imezoea pembe kubwa kwa sababu inakata kona. Ya ndani haikuumbwa hivyo, ndiyo maana gari lililoinuliwa sana hutetemeka unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachia. Buti la nje, mfuko wa raba unaofunika jointi, nalo mikunjo yake inasuguana muda wote, mwishowe linapasuka. Grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia ta-ta-ta ukikata kona kali kwenye maegesho. Ukifika hapo kubadilisha buti peke yake ni kupoteza pesa, jointi imeshalika.

Spesa nazo si za aina moja, na hapa ndipo watu wengi huuziwa kitu wasichokijua. Ya kwanza hukaa juu ya kofia ya shokapu, kati yake na bodi. Shokapu yenyewe inabaki kwenye nafasi yake ya kawaida ya kufanya kazi, ila gurudumu likining'inia linashuka zaidi ya lilivyopangiwa, na jointi ndizo zinazobeba adhabu. Ya pili hukaa kwenye kiti cha springi. Hiyo inaiacha shokapu imenyooka hata gari likiwa limesimama, na ukitoka kwenye tuta inafika mwisho wa urefu wake na kugonga: "tok". Wengi husikia mlio huo wakabadilisha linki za stabilaiza bure. Ya tatu ni zile raba za kubana katikati ya koili za springi, zinazouzwa kwa bei rahisi kila mahali. Zinainua, kweli, lakini kwa kuzizuia koili mbili zisifanye kazi. Springi inakuwa ngumu, mzigo wote unahamia kwenye koili zilizobaki, na springi iliyokwisha kuwa na kutu inaweza kukatika. Hizo usifunge.

Kabla ya kununua chochote, pima. Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi, upime kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa mudgadi, kwenye magurudumu yote manne. Linganisha na gari la aina hiyohiyo ambalo springi zake ni nzima. Magari mengi yanayoletwa kuinuliwa yana springi zilizochoka tu, na springi mpya zitarudisha kimo pamoja na pembe za kiwandani. Springi iliyolala ina dalili yake: hula ukingo wa ndani, kinyume cha spesa.

Kama bado unataka kuinua, baki kwenye milimita 25 hadi 30. Wakati wa kufunga kuna hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Bolti za bushi za mikono, yaani raba za mahali mikono inapoungana na gari, lazima zilegezwe, gari lishushwe lisimame kwa tairi zake, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe. Raba ya bushi imeshikamana na vyuma vya pande zote mbili, na inajipinda badala ya kuzunguka. Ukiiacha imekazwa kwenye kimo cha zamani itaishi imejipinda, nayo itachanika kabla ya wakati wake. Gurudumu likiwa linaning'inia, hakikisha mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS havijavutika, na ufanye hivyo usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote.

Kisha alaimenti, siku hiyohiyo. Tou inarekebishwa kwenye tairodi. Kemba ya mbele haina mahali pa kurekebishia, na fundi akikuambia "kemba haigusiki kwenye gari hili" hajakudanganya, ila hajamaliza. Shokapu inashikwa chini kwa bolti mbili. Moja ikibadilishwa kwa bolti nyembamba au yenye tumbo, gurudumu linaweza kulazwa ndani kidogo. Nati za rimu zikaze kwa nyutonimita 103, kwa mpangilio wa nyota.

Sasa jambo ambalo wenye modeli ya chini hawalioni kama bahati. Rimu zao za inchi 16 huvaa 215/70R16 (upana milimita 215, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16), yenye ubavu wa milimita 150. Modeli ya juu yenye rimu za 18 huvaa 235/55R18, ubavu milimita 129. Barabara ya vumbi yenye mawe inakuta mto mnene zaidi kwenye gari la bei ndogo. Na tairi ndiyo njia pekee inayoinua kila kitu, hata mkono wa chini wenyewe, bila kuharibu pembe hata moja. Kipenyo cha 215/70R16 ni milimita 707. Ukivaa 225/70R16 kinakuwa 721: gari linapanda milimita 7, na spidomita ikionyesha 100 wewe uko karibu 102. Ukivaa 225/75R16 kinafika 744. Unapata milimita 18, lakini 100 ya spidomita ni kama 105, gari linakuwa zito kuondoka, na huenda tairi likagusa plastiki ya ndani ya mudgadi ukikata kona. Kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, vaa zote nne za ukubwa mmoja na zilizolika sawa, la sivyo klachi inayogawa nguvu kwenda nyuma itafanya kazi bila kupumzika hadi ipate joto kali.

Taa nazo zishushwe kama pua imepanda. Simama mita 5 kutoka ukutani, weka alama kwenye usawa wa katikati ya taa, na ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukae sentimita 5 chini ya alama hiyo.

Baada ya kilomita 500, rudi chini ya gari na tochi. Kagua buti za jointi mkunjo kwa mkunjo, ukizitanua kwa kidole. Ufa wa kwanza huanzia ndani ya mkunjo.